Plagi Baridi, Kisiwa cha Joto

Katika maduka ya spea ya Ng'ambo na katika gereji za njia ya Amani na Mwanakwerekwe kuna ushauri mmoja unaopokewa bila kuulizwa, kwa sababu unasikika kuwa wa akili: Unguja ni kisiwa cha joto, kwa hiyo gari ifungwe plagi "baridi" kuliko zile ilizokuja nazo kutoka Japani. Mwenye Toyota IST au Vitz aliyetoka nyumbani kununua plagi nne za kawaida hurudi na plagi za namba nyengine, zenye ncha ya iridiamu na bei ya mara kadhaa, akiamini kwamba ameipandisha gari yake daraja. Hoja ya sura hii ni kwamba ushauri huo umekwenda kinyume na hali halisi ya kisiwa. Gari ya kawaida inayotembea Unguja haiteswi na joto ndani ya silinda. Inateswa na safari fupi, mwendo mdogo, chumvi na maji magumu. Plagi inayoifaa ni ileile iliyowekwa na kiwanda, mradi iwe halisi na mpya, na pesa ya ziada, kama ipo, ina kazi nyengine zilizo bora zaidi kwenye gari hiyohiyo.

Ubaridi wa plagi hauhusiani na nguvu ya cheche, wala na injini kuchelewa au kuwahi kupata moto. Ni suala la njia ya joto. Ncha ya plagi imekaa ndani ya chumba cha mwako, ambako moto wa petroli hupindukia nyuzi 2,000 kwa kitambo kidogo sana. Joto linaloingia kwenye ncha hutoka kupitia kauri nyeupe, likaingia kwenye chuma cha nje, likapita kwenye uzi na washa yake hadi kwenye silinda hedi inayopozwa na maji. Kauri ikiwa na pua ndefu, joto lina safari ndefu ya kutoka na ncha hubaki moto. Ikiwa na pua fupi, joto huondoka upesi na ncha hubaki baridi. Mhandisi wa kiwanda hutafuta urefu utakaoiweka ncha baina ya nyuzi 500 na 850 hivi katika matumizi ya kila siku. Chini ya hapo masizi hayaungui. Yanaganda juu ya kauri, na umeme hupita juu ya masizi hayo badala ya kuruka mwanya. Juu ya hapo ncha yenyewe hugeuka kaa linalowasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka. Plagi moja haiwezi kukwepa hatari zote mbili katika kila gari duniani, ndiyo sababu zinatengenezwa kwa daraja mbalimbali.

Daraja hizo huandikwa kwa namba, na mkanganyiko wa dukani unaanzia hapo. Tangu Gottlob Honold wa karakana ya Robert Bosch alipokamilisha magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake mwaka 1902, makampuni hayajawahi kukubaliana juu ya hesabu moja. Kwa NGK ya Nagoya na Denso ya Kariya, ambazo ndizo zinazojaa kwenye rafu zetu, namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Tano ya NGK inakaribiana na 16 ya Denso, sita inakaribiana na 20, na saba na 22. Kwa hiyo anayebadilisha chapa kwa kulinganisha namba kwa macho tu huweza kuipotosha injini daraja mbili bila kukusudia. Chukua injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,497, iliyomo ndani ya IST nyingi na baadhi ya Vitz. Plagi za nikeli zilizozoeleka kwenye matoleo yake ya mwanzo ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Katika hiyo ya NGK, herufi za mbele zinataja uzi wa milimita 14 na kichwa cha spana ya 16, na R ni kizuizi cha umeme kilichofichwa ndani. Tano ni daraja la joto, E ni uzi wenye urefu wa milimita 19, na 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1. Uzi ukizidi urefu unaweza kukutana na pistoni. R ikikosekana, kelele za umeme huingia kwenye redio na hata kwenye kompyuta ya injini. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, ni kweli, lakini namba ya plagi imo humo kwa herufi tunazozisoma, na aina ya injini imepigwa kwenye kibati chini ya boneti. Kinachofaa kuepukwa ni kuitoa plagi iliyomo na kununua inayofanana nayo, kwa sababu gari iliyopita mikono ya watu watatu au wanne haitoi hakika yoyote kwamba wa mwisho alifunga iliyo sahihi.

Turudi kwenye joto la kisiwa. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana wa mjini hufika nyuzi 32 au 33. Ni joto la kumchosha mtu, lakini Nagoya, mji ambamo NGK imezaliwa na ambao viwanda vya Toyota na Denso vimeuzunguka, hupindukia nyuzi 35 mara nyingi mwezi wa Agosti. Waliochagua daraja la tano kwa ajili ya IST hawakuwa wakiishi kwenye theluji. Hata tukilinganisha mchana wetu na asubuhi ya baridi ya Japani, tofauti ni nyuzi 30 hivi, na hizo 30 zinaingia ndani ya moto wa nyuzi 2,000 na zaidi. Kati ya hewa ya nje na plagi kuna mfumo mzima wa kupoza, wenye thamostati ambayo kazi yake ni kuifanya hedi ikae katika joto lilelile, iwe nje kuna jua la Jambiani au mvua ya masika. Kinachoipandisha ncha ya plagi joto ni mzigo, yaani petroli nyingi inayochomwa kwa dakika nyingi mfululizo. Plagi baridi zilitengenezewa mzigo huo: gari za mashindano, injini zilizofungwa tabo na kuongezwa presha, safari za masaa kadhaa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa.

Na mzigo ndicho kitu ambacho Unguja haina cha kuipa injini. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, hadi Paje ni karibu 50, na kilele cha Masingini, ambacho ni katika sehemu za juu kabisa, hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Gari ndogo inayokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare haihitaji zaidi ya kilowati 10 au 15, na 1NZ-FE ina uwezo wa karibu 80. Sehemu kubwa ya maisha yake gari ya mjini inafanya hata chini ya hapo. Inatoka Kiembe Samaki hadi Darajani, inasimama Michenzani, inajivuta kwenye Barabara ya Mizingani wakati wa boti za Dar es Salaam kushusha abiria, inazimwa, inawashwa tena baada ya robo saa. Injini isiyopata moto vizuri hupewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma safi, na masizi ndiyo matokeo yake. Gari ya namna hiyo ukiifunga plagi baridi zaidi unaishusha ncha chini ya zile nyuzi 500 inazozihitaji ili ijisafishe. Baada ya miezi michache injini inaanza kumisi, petroli inakwenda haraka, na mwenye gari anaambiwa koili, inayoipa plagi volti zake, imekufa. Ukiitoa plagi yake utaikuta nyeusi na kavu kama chungu cha mkaa. Plagi iliyofanya kazi katika joto lake huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, na plagi iliyopikwa kupita kiasi huwa nyeupe, yenye malengelenge. Mwenye kudai kwamba joto la kisiwa linaziunguza plagi angepaswa kutuonesha hizo nyeupe.

Dereva wa watalii atapinga, na pingamizi lake lina uzito. Noah yake inabeba watu saba na mizigo yao, kiyoyozi kimewashwa tangu uwanja wa ndege, jua la saa saba, na safari ni hadi Nungwi moja kwa moja. Je, huo si mzigo? Ni mzigo, lakini umo ndani ya ule ambao kiwanda kiliupigia hesabu. Familia ya Kijapani huijaza Noah ileile, ikawasha kiyoyozi mwezi wa Agosti na kupanda nayo milima ambayo sisi hatuna. Kama gari hiyo inagonga, yaani injini inatoa mlio wa kokoto wakati wa kukanyaga mafuta, sababu itafutwe kwenye rejeta iliyoziba, petroli iliyochakachuliwa, au masizi ndani ya silinda. Plagi baridi itanyamazisha mlio mmoja pengine, lakini kasoro itabaki palepale na kuendelea kula injini. Kuna jambo jengine linalomhusu dereva huyu zaidi ya daraja la joto, nalo ni hesabu ya cheche. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hutaka cheche 1,000 kwa kila plagi. Safari ya saa moja na nusu hadi Nungwi ni cheche 90,000, na kilomita 20,000 kwa wastani wa 40 kwa saa ni cheche milioni 30. Lakini gari inayonguruma mbele ya hoteli ili kiyoyozi kisizime nayo inatoa cheche, kiasi cha 22,000 kwa saa kwa kila plagi, huku mita ya kilomita imesimama. Ratiba iliyoandikwa kwa kilomita inamdanganya dereva wa teksi. Plagi ya nikeli ambayo kitabu kinaipa kilomita 20,000 inastahili kwake kuondolewa mapema zaidi.

Mtu wa tabia ya kubana matumizi atasema plagi husafishwa kwa msasa na kurudishwa. Desturi hii ina asili ya haki kabisa. Vespa za zamani, zilizochoma petroli iliyochanganywa na oili, zilizijaza plagi uchafu kila baada ya muda mfupi, na petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliiaga mwanzoni mwa 2006, ilizipaka plagi za magari tabaka lake. Katika hali hizo fundi aliyesafisha plagi alikuwa akiokoa kitu. Leo kinachoimaliza plagi ni kulika. Kingo kali za chuma ambazo cheche hupenda kurukia hugeuka duara, na mwanya hupanuka kwa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Msasa haurudishi chuma kilichokwenda. Unaacha mikwaruzo inayoshika masizi, na kwenye ncha nyembamba ya iridiamu au platinamu unaharibu kabisa kile kilicholipiwa. Mwanya ukipanuka, koili inalazimika kupandisha volti zaidi ili cheche iruke, nayo inachoka kabla ya wakati. Koili moja halisi ina bei ya seti nzima ya plagi za nikeli na ziada, kwa hiyo kuziacha plagi zilizochoka ili kuokoa pesa ni kuzitoa pesa hizo kwa mlango mwengine.

Sasa iridiamu, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda. Chuma hiki, ambacho kwa sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini pamoja na platinamu, huyeyuka kwenye nyuzi 2,446, ilhali platinamu huyeyuka kwenye 1,768 na nikeli kwenye 1,455. Ugumu huo unaruhusu ncha ya katikati iwe nyembamba sana, milimita 0.4 au 0.6, badala ya 2.5 ya nikeli. Ncha nyembamba inahitaji volti kidogo kutoa cheche na haizuii moto mchanga kukua. Faida hizo ni za kweli. Zinaonekana zaidi wakati wa kuwasha injini baridi, wakati injini inanguruma bila kwenda, na kwenye injini ambazo mchanganyiko wake ni mgumu kuwaka. Lakini kwenye IST nzima yenye koili nzima, cheche ya nikeli mpya tayari inawasha mchanganyiko kila mara, na mchanganyiko uliokwisha kuwaka hauwezi kuwashwa zaidi. Nguvu za farasi zinatokana na kiasi cha hewa na petroli kilichoingia, na plagi haiongezi hata kimoja. Marekani ilipata somo hili hadharani. Plagi za SplitFire, zilizokuwa na ncha ya pembeni iliyogawanyika mara mbili, ziliuzwa huko kwa ahadi za kuokoa mafuta na kuongeza nguvu, hadi mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipoizuia kampuni kutoa madai isiyoweza kuyathibitisha. Plagi za ncha tatu au nne za pembeni nazo huvutia macho dukani, lakini cheche ni moja tu. Huchagua njia iliyo rahisi na kuziacha nyengine zikisubiri zamu yao, kwa hiyo faida yake ni ya maisha marefu, si ya nguvu.

Waliofunga iridiamu wanaapa kwamba gari imebadilika, na sina sababu ya kusema wanaongopa. Imebadilika kweli. Ila kilichotolewa siku ile kilikuwa plagi za miaka minne zenye mwanya uliopanuka, na seti mpya ya nikeli ingeleta mabadiliko yaleyale. Ulinganisho wa haki ni wa mpya kwa mpya, na watu wachache sana hupata nafasi ya kuufanya. Iridiamu ina mahali pake pasipo na ubishi. Gari iliyokuja nayo kutoka kiwandani irudishiwe iridiamu, kwa kuwa ratiba yake ya kilomita 100,000 na marekebisho ya injini vimejengwa juu yake. Injini ambayo plagi zake hazifikiki kwa urahisi nayo inaistahili: kwenye Alphard ya lita tatu yenye 1MZ-FE, plagi tatu za nyuma zimejificha chini ya mabomba ya hewa, na kazi ya kuzifikia ni ghali kuliko plagi zenyewe. Hapo maisha marefu ni akiba. Lakini mnunuzi aangalie ncha zote mbili. Kuna plagi zenye iridiamu katikati na nikeli ya kawaida pembeni, na upande wa nikeli unalika kwa kasi ya nikeli. Neno iridiamu kwenye boksi halimaanishi kilomita 100,000. Aina zilizoundwa kudumu huwa na kipande cha platinamu au iridiamu pande zote mbili.

Hofu yangu kubwa zaidi kwa mnunuzi wa Unguja ni plagi feki, na bei ya iridiamu ndiyo inayowavutia wenye kughushi. Taasisi ya Viwango Zanzibar na mamlaka za bandarini zina kazi yao, lakini boksi dogo la plagi hupenya kirahisi kuliko mzigo wowote, na mnunuzi hana budi kuwa na macho yake. Plagi halisi ina kauri nyeupe laini, maandishi yaliyosimama sawa na yasiyofutika kwa kucha, na uzi unaong'aa bila vipele. Washa yake haitoki kwa vidole, na ncha ya pembeni imekaa katikati kabisa juu ya ile ya ndani. Kipimo bora hakihitaji utaalamu. Mita ya umeme ya bei ndogo ikiwekwa kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya katikati ya plagi yenye R husoma kilo-omu tatu hadi saba na nusu, mara nyingi karibu na tano. Ikisoma sifuri, kizuizi hakimo, na anayeghushi kizuizi hawezi kuaminiwa kwa kauri. Muuzaji mwaminifu hatachukia kupimiwa mbele yake. Kwa mwenye pesa ya kiasi, nikeli halisi ya Denso au NGK inashinda iridiamu ya shaka kila siku ya wiki, na plagi za mtumba zilizochomolewa kwenye injini zilizovunjwa zisiguswe hata zikiwa za bure.

Kufunga kwenyewe kunafanywa kwa haraka mno. Injini iwe imepoa, kwa sababu aluminiamu ya hedi ikiwa moto uzi wake huchanika kirahisi. Upepo wa kompresa upulizwe kwanza kwenye mashimo, ili mchanga mweupe wa barabara za kifusi usidondoke ndani ya silinda. Mwanya upimwe hata kama boksi linasema umepimwa, maana safari ya kutoka kiwandani ni ndefu na boksi huanguka. Plagi iingizwe kwa mkono hadi ikae. Kisha, kwa plagi mpya ya uzi wa milimita 14 yenye washa, izungushwe nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Mwenye spana ya kupimia nguvu atafuata namba ya kiwanda cha gari yake. Mafundi wengi wa pwani hupaka uzi grisi ya shaba, na wana hoja nzito: chuma na aluminiamu vikikutana penye unyevu wa chumvi hung'ang'aniana, na plagi iliyokwama huweza kutoka na uzi wa hedi. NGK yenyewe inapinga. Plagi zake zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi hufanya mkono ukaze kupita kiasi bila fundi kuhisi. Nikipima hoja zote mbili, naegemea upande wa kutopaka, kwa sharti moja ambalo kisiwa kinalilazimisha: plagi zisiachwe miaka mingi bila kufunguliwa. Hata iridiamu ya kilomita 100,000, kwenye gari inayolala Bwejuu au Matemwe mita mia chache kutoka baharini, ifunguliwe kila mwaka kabla ya masika, itazamwe, irudishwe. Plagi iliyokwishatumika irudipo hukazwa kidogo tu, kwa kuwa washa yake imeshabanwa. Grisi inayostahili kuwepo ni ya silikoni, kiasi cha punje, ndani ya mdomo wa mpira wa koili. Unyevu wa chumvi ukiingia hapo, cheche huteremka nje ya kauri na kuacha mstari mweusi, na injini humisi asubuhi za mvua halafu hupona jua likitoka.

Tukizihesabu pesa zilizobaki baada ya kununua nikeli badala ya iridiamu, zinaweza kuiboresha gari kwa namna itakayoonekana. Lakini zisiende kwenye kichujio cha hewa kilicho wazi. Kinaivuta hewa ya moto iliyozunguka injini badala ya ile ya nje, kinapitisha vumbi la matumbawe, na aina zinazopakwa mafuta huweza kuchafua kihisi cha hewa. Ea klina ya karatasi ya kiwanda, mpya, ndiyo inayofaa njia za Michamvi na Kizimkazi. Wala zisiende kwenye ekzosi ya mlio mkubwa, ambayo kwenye injini isiyoguswa ndani haileti nguvu ya kuhisika na inawaamsha wagonjwa na watoto wa Malindi na Mkunazini, ambako sauti haina pa kutokea kati ya kuta za mawe. Najua vijana wanaipenda gari yenye sauti na sura, na kupenda gari si kosa. Gari inayopendwa hutunzwa. Ningetamani mapenzi hayo yaelekezwe mahali ambapo kisiwa kinaidhuru gari kweli.

Mahali pa kwanza ni rejeta. Maji ya Unguja hutoka kwenye miamba ya chokaa, yakiwemo yale ya Chemchem ambayo Sultan Barghash aliyaletea mabomba hadi mjini katika karne ya 19, na visima vya vijiji vya pwani vina chumvi juu ya chokaa. Maji hayo yakichemka ndani ya injini huacha tabaka gumu kwenye njia nyembamba za rejeta, na chumvi yake hula aluminiamu. Kulanti sahihi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri na si asidi yake, ni kinga kubwa kwa injini kuliko plagi yoyote. Joto halisi la kisiwa linalostahili kuogopwa ni la rejeta iliyoziba. Mahali pa pili ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini yakishiba maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Kuyamwaga kila miaka miwili na kuweka DOT 4, ambayo viwango vyake ni 230 na 155, ni uboreshaji wa bei ndogo na wenye maana, hasa kwa daladala na Noah za watalii.

Mahali pa tatu ni waya za erthi, zile zinazotoka kwenye betri kwenda bodini na kutoka bodini kwenda kwenye injini. Chumvi huingia chini ya boliti zake na kujenga ukungu wa kijani ambao hauonekani mpaka ufunguliwe. Umeme wa koili hupitia hapo kurudi, kwa hiyo kumisi kunakolaumiwa plagi mara nyengine kunatokea kwenye boliti hiyo. Taa nazo hupitia hapo. Globu ya kawaida ya H4 ikikosa volti moja tu hupoteza karibu robo ya mwanga wake, na barabara ya Makunduchi usiku ina wapanda baiskeli wasio na taa, ng'ombe, na watu wanaotoka msikitini baada ya Isha. Watu hununua globu za LED kwa tatizo hili, zikamtia upofu anayekuja mbele huku barabara ikibaki na giza, kwa sababu kioo cha taa hakikuchongwa kwa ajili ya globu hizo. Kipande cha msasa, waya mpya wa erthi, grisi juu ya boliti ili hewa ya bahari isirudi haraka, na kusuguliwa kwa vioo vya taa vilivyogeuka manjano kwa jua: fundi anaimaliza kazi hiyo asubuhi moja, pamoja na kufunga plagi nne za namba ya kiwanda.